Notisi ya Mwezi Mmoja

Watu walimtazama Oyugi mikono kabla ya kumtazama usoni. Ujanani alipigana ndondi, na ingawa mchezo huo haukumfikisha popote, vidole vyake vilibaki vimevimba kwenye viungo, na ngozi ya ngumi zake ikawa ngumu kama soli ya kiatu. Mikono hiyo ndiyo iliyompa kazi. Bwana Wakoli, mwenye kampuni ya ulinzi iliyokuwa na ofisi juu ya duka la magodoro mjini Kisumu, alimwona akimlaza mlevi mlangoni mwa baa kwa kofi moja, akamwita kando, akamwuliza kama angependa kuvaa sare. Baada ya miaka michache Oyugi alikuwa supavaiza. Kwa cheo, kazi yake ilikuwa kuzungukia malindo na kuhakikisha walinzi hawasinzii. Kazi yenyewe, ile ambayo kila mlinzi aliijua na hakuna aliyeitaja, ilikuwa kuwafuata walioacha kazi.

Mkataba wa Wakoli ulisema wazi: ukitaka kuondoka, toa notisi ya mwezi mmoja, ukiondoka bila notisi, lipa mshahara wa mwezi huo. Hilo si jambo geni, hata sheria inalijua. Lakini Wakoli hakuwa mtu wa kwenda mbele ya hakimu.

"Korti ni ya watu wenye nafasi," alipenda kusema huku akicheka. "Mimi nina Oyugi."

Oyugi naye alicheka. Alikuwa ameingia nyumba nyingi za mtaa wa Manyatta akatoka na televisheni mabegani huku mwenyewe akilia kwa nyuma. Mara moja alirudi na pesa mfukoni na damu kwenye kola, na Wakoli akamnunulia shati jipya.

Kisha Ogola akaacha kazi.

Ogola hakuwa kama wale wengine. Yeye na Oyugi waliajiriwa wiki moja, wakajifunza kupiga saluti pamoja, wakala ugali kwenye sufuria moja. Oyugi alipopandishwa cheo, Ogola alibaki getini, kwenye bohari moja ya sukari, akilinda na mwenzake aliyeitwa Amolo. Wawili hao walikuwa wameomba kitu kimoja tu kwa muda mrefu: kitufe cha kuita msaada, kile unachobonyeza na gari la kampuni likaja mbio. Wakoli aliahidi. Walichokuwa nacho ni rungu moja moja na filimbi.

Wezi walikuja na lori Jumapili mchana, mji ukiwa kanisani. Amolo alipuliza filimbi. Walimkata kwanza mkono uliokuwa umeshika filimbi, halafu wakamkata shingoni, halafu wakaendelea tu, kama watu wanaofyeka majani. Ogola alipigana mpaka rungu likavunjika. Panga lilimpasua mgongo kutoka begani hadi kiunoni, akaanguka kati ya magunia, na wezi wakamhesabu kuwa maiti. Alilala pale akimtazama Amolo, ambaye bado alikuwa hai, akijaribu kuurudisha mkono wake mahali pake. Ilimchukua Amolo muda mrefu kufa.

Nyuzi zilipotolewa mgongoni, Ogola alipanda ngazi za ofisi na sare imekunjwa kwenye mfuko wa karatasi. Oyugi alikuwa amesimama mlangoni. Selpha, karani, alikuwa kwenye meza yake pembeni. Ogola aliweka sare mbele ya Wakoli.

"Notisi iko wapi?" Wakoli aliuliza.

"Notisi gani, Mkubwa? Nikae mwezi mwingine pale getini nikingoja warudi?"

"Mkataba ni mkataba. Basi lipa mwezi."

"Peleka mimi kortini. Hakimu akisema nilipe, nitalipa." Ogola hakupandisha sauti. "Lakini na mimi nitamwambia habari ya kile kitufe. Nitamwambia Amolo alikufa akiwa na filimbi."

Alimpa Oyugi mkono alipokuwa akitoka. "Omera, ndugu yangu, tuonane," alisema. Oyugi alisikia ngazi zikilia chini ya viatu vyake, pole pole, maana mgongo ulikuwa bado unamsumbua. Hakushuka kumsindikiza.

Wakoli alivumilia wiki chache. Habari zilipomfikia kwamba Ogola amehamia Port Victoria, kwao mkewe Milka, na kwamba walinzi wengine wawili wanaulizana ni nani aliyemsaidia kuondoka, alimwita Oyugi.

"Nenda ulete mshahara wangu wa mwezi. Hana, leta kitu kinachotosha. Na umfunge mdomo."

"Mkubwa, huyu ni Ogola."

"Ndiyo maana nakutuma wewe, si mtu mwingine. Akiondoka hivi hivi, kesho sina mlinzi hata mmoja." Wakoli alimtazama. "Ama mkono umekuwa mzito? Sema tu. Nawe utoe notisi."

Selpha aliinamisha kichwa akajifanya anaandika. Oyugi alikuwa na watoto wawili shule ya bweni na kodi ya nyumba isiyongoja mtu. Alichukua koti lake.

Pikapu ya kampuni iliendeshwa na Wepukhulu, mtu mzima mwenye kitambi na goti bovu, mzee wa kanisa kwao Bungoma, ambaye alipenda kuimba nyimbo za ibada kwa sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake. Hakuwa amewahi kumpiga mtu. Aliambiwa aendeshe gari, akaendesha. Walipita Luanda na Ugunja, na huko Bumala wakakata kushoto, na njia nzima Wepukhulu alizungumzia binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Oyugi alijibu kwa kuguna.

Walifika bichi, ufukwe wa wavuvi ziwani, jua likiwa utosini, wakati mashua zinapakua. Mbuta walikuwa wamelazwa juu ya turubai, mapezi yakiwa bado yanatingishika, na wanawake wenye beseni walikuwa wakibishana bei kwa sauti za juu. Wepukhulu aliteremka kunyoosha goti, akawasalimia "Mulembe!" wakamjibu, na papo hapo akaingia kwenye mazungumzo yao, maana lugha yao na yake ni ndugu. Mmoja akamcheka kwa kitambi chake. Naye akacheka.

Ogola alikuwa akifunga kreti la samaki na barafu nyuma ya pikipiki ya shemeji yake, dada mkubwa wa Milka. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona Oyugi alitabasamu, halafu akaiona pikapu, na tabasamu likatoweka.

"Amekutuma," alisema.

"Lipa tu, omera, niende zangu. Hata nusu. Nitamwambia umelipa nusu."

"Silipi kwa njia hii. Nilimwambia aende wapi?"

"Usinifanye hivi."

"Mimi ndiyo nakufanya?" Ogola alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Oyugi, hii kazi acha. Kuna kazi hapa. Si nyingi, lakini iko. Njoo na wewe."

Pengine angesema jambo jingine, Oyugi angegeuka. Lakini yale maneno, njoo na wewe, yalimwingia kama tusi. Alinyoosha mkono akachomoa ufunguo wa pikipiki, akaanza kuisukuma kuelekea pikapu, kreti likiwa juu yake.

"Si yangu hiyo! Ni ya shemeji!" Ogola alishika usukani.

Milka alikuja mbio kutoka kwenye mashua, kanga imefungwa kiunoni, magamba ya samaki mpaka viwikoni. Alimjua Oyugi. Alikuwa amempakulia chakula nyumbani kwake Manyatta zaidi ya mara moja.

"Baba Brayo, ni nini hii? Acha pikipiki ya watu!"

"Mama Winny, kaa kando."

Hakukaa kando. Alimshika shati. Oyugi alimsukuma kwa kiwiko bila kumtazama, kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na Milka akaanguka juu ya ukingo wa mashua. Bega lake lilitoa mlio. Hapo Ogola akaachia usukani akamrukia.

Ngumi ya Ogola ilikuwa ya mtu asiyejua kupigana. Ilimpata Oyugi sikioni, ikamwasha hasira tu. Mikono ya Oyugi ilifanya kazi yake yenyewe. Ya kushoto iliingia tumboni, na Ogola alipoinama, ya kulia ikakutana na taya kutoka chini. Oyugi aliusikia mfupa ukivunjika kupitia vidole vyake, kama kuni kavu. Ogola alianguka magotini. Katika ulingo, refa angeingia hapo. Hapakuwa na refa. Oyugi alimpiga tena kwenye taya lile lile, na alipolala chali akamkalia kifuani akampiga tena na tena, mpaka uso alioufahamu ukapotea ukawa kitu kingine, na alikuwa akisema maneno ambayo baadaye hakuweza kuyakumbuka.

"Mwizi!" mtu alipaza sauti. "Mwizi wa pikipiki! Anaua mtu!"

Neno hilo likishatamkwa kwenye bichi, haliulizwi maswali. Wanaume waliacha nyavu. Kasia la kwanza lilimpata Oyugi mgongoni, la pili kichwani, na dunia ikageuka juu chini. Aliinuka, akampiga mmoja akamlaza, akampiga mwingine, halafu jiwe likamgonga juu ya jicho na damu ikamfunga jicho. Walimtega miguu akaanguka. Baada ya hapo yalikuwa mateke, mawe, na mbao za mashua zenye misumari. Alijikunja kama mtoto tumboni, mikono yake mashuhuri ikiwa juu ya kichwa, na akakisikia kimoja cha vidole vyake kikipondwa.

Wepukhulu, maskini, alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye hofu angefanya. Alikimbilia gari. Aliliwasha, akarudi nyuma bila kuangalia, akaponda beseni na kumgonga mzee mmoja mguu. Mayowe yakaongezeka. Walivunja kioo wakamtoa kupitia dirishani, kitambi kikikwama, wakimvuta kwa shati na kwa nywele.

"Ndugu zangu! Mimi ni dereva tu!" alilia kwa lugha yao. "Ni dereva tu, jamani!"

"Dereva wa wezi!" walimjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Yule mwanamke aliyemcheka ndiye aliyetupa jiwe la kwanza. Halikuwa kubwa. Makubwa yalifuata. Oyugi, kwa jicho lake moja lililokuwa bado linaona, alimwona Wepukhulu akiinua mikono yote miwili kama anayeomba kanisani, halafu kijana mwenye mabega mapana akainua nanga ya mashua, kipande cha chuma chenye ncha, akaishusha. Mikono ikaanguka. Waliendelea kumpiga.

Ogola alikuwa ameamka. Alijivuta juu ya mchanga kwa viwiko, taya likining'inia, akifungua mdomo. Alitaka kusema. Oyugi aliona wazi kwamba alitaka kusema, na kwamba alichotaka kusema ni kimoja: mwacheni. Kilichotoka ni damu na sauti kama ya ng'ombe. Aliinua mkono kuwaonyesha watu ishara ya kuacha, wao wakaona mtu aliyeharibiwa akiwanyooshea kidole waliomharibu.

"Tazameni walivyomfanya!" mtu alipiga kelele. "Tazameni!"

Mapigo yakazidi. Ogola aliwafikia, akajitupa juu ya miguu ya Oyugi, na hata hapo wakamwinua kwa upole wakampeleka kando, wakidhani amezirai.

Mtu mmoja tu pale angeweza kuongea. Milka alikuwa amesimama kando ya mashua, amelishika bega lake, macho yake yamemkazia Oyugi. Hakulia, hakupiga kelele. Aliwajua wote wawili, alijua si wezi, na alisimama. Oyugi alimtazama kati ya miguu ya watu. Alijaribu kumwita, Mama Winny, lakini mdomo wake ulijaa mchanga.

Kisha akasikia harufu ya petroli. Walikuwa wametoa galoni kwenye injini ya mashua. Ilimwagika juu ya mgongo wake, ikaingia kwenye vidonda, na akapiga yowe ambalo hakujua analo.

Hapo Milka alikimbia.

"Si wezi!" Aliingia katikati, akawapiga watu vifuani kwa mkono wake mmoja mzima. "Wacheni! Nawajua! Ni watu wa kazi ya bwanangu! Si wezi!"

Mwenye kiberiti alisita. "Ni akina nani?"

"Tajiri wake wa Kisumu amewatuma. Ni mambo ya kazi. Ni mambo ya notisi!"

Walimtazama kama aliyerukwa na akili. Neno hilo lilisikika dogo mno pale, mbele ya damu ile yote. Mmoja mmoja waliangusha walichokuwa wameshika. Wengine walirudi kwenye samaki wao wakainama, wakaanza kuwapanga upya bila kumtazama mtu. Wepukhulu alikuwa amelala upande upande karibu na gurudumu la pikapu, na hakukuwa na haja ya kumpeleka popote haraka.

Polisi waliwachukua Oyugi na Ogola kwa gari moja mpaka hospitali. Walilazwa vyumba tofauti. Oyugi alishonwa kichwa, kidole kimoja kikakatwa, na siku ya tatu akapelekwa kituoni akiwa na pingu, akiwa bado ananuka petroli.

Wakoli alikuja kituoni akiwa amevaa suti. Hakumsalimia Oyugi. Aliegemea kaunta akaongea na askari kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Afande, huyu mtu si wangu. Aliacha kazi siku moja kabla ya hayo. Alichukua gari langu bila ruhusa, akamdanganya dereva wangu, mzee wa watu, ambaye sasa namlilia. Mambo yake na Ogola ni ya kwao wenyewe."

"Ulimpa barua ya kumwachisha?"

"Barua gani? Aliondoka tu mwenyewe." Wakoli alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hata notisi hakutoa."

Pingu zilikuwa zimefungwa mikono ikiwa mbele. Oyugi aliruka kaunta. Alimshushia Wakoli mikono yote miwili usoni pamoja na chuma chake, pua ikapasuka. Akamshushia tena, meno yakatoka. Wakaanguka pamoja sakafuni na Oyugi akaipitisha minyororo ya pingu chini ya kidevu cha tajiri wake, akavuta. Wakoli alipiga sakafu kwa visigino. Uso wake ulibadilika rangi. Askari wanne walimpiga Oyugi marungu mgongoni, kwenye mbavu, kwenye kile kidonda cha kichwa, na hakuachia mpaka walipomvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko. Hata baada ya hapo walimpiga, na yeye, sakafuni, hakujikinga.

Kesi ilichukua muda wake. Ogola alikuja kutoa ushahidi akiwa amefungwa taya kwa nyaya, akiongea kupitia meno, na mahakama nzima ikanyamaza ili imsikie. Hakupunguza wala hakuongeza. Alisema Oyugi alimpiga akiwa amelala chini. Alisema pia ni nani aliyemtuma. Selpha alipanda kizimbani baada yake akayarudia maneno ya Wakoli kama alivyoyasikia kwenye meza yake, na Wakoli, pua yake imekaa upande, akatazama dirishani. Oyugi alifungwa. Kesi ya Wakoli iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na wakili wake akawa mtu wa kuonekana sana. Lakini walinzi wake waliondoka makundi kwa makundi, hakuna aliyetoa notisi, na hakuna aliyefuatwa.

Milka alikwenda gerezani mara moja. Oyugi hakumtarajia. Alikaa ng'ambo ya meza, bega lake moja limekaa chini kuliko jingine.

"Nilisimama," Milka alisema. "Uliniona nimesimama."

"Nilikuona."

"Nilitaka wakupige. Nilisema moyoni, bado kidogo, bado kidogo. Nilikuwa nakutazama wewe tu. Yule dereva sikumwona kabisa, Baba Brayo. Nilipogeuka alikuwa ameisha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mjane wake alikuja mpaka nyumbani. Binti yake amejifungua. Nilimpikia chai. Sikuweza kumwambia."

Oyugi aliutazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umeunga vibaya na haukunyooka tena.

"Sasa niambie wewe," Milka alisema. "Ogola alianguka. Alikuwa amelala chini. Mlikula naye sahani moja. Kwa nini uliendelea?"

Oyugi alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, maana alikuwa amelifikiria kila siku.

"Aliniambia niache kazi nije," alisema. "Alikuwa ameweza. Mimi sikuweza. Nilimchukia kwa hilo, Mama Winny. Siku ile ile alipoweka sare mezani, nilianza kumchukia."

Milka hakumwambia kwamba amemsamehe, wala hakumlaani. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri kwa mkono mmoja, akamwambia kwamba Ogola sasa anakula ugali, lakini nyama bado, kisha akamfuata askari mlangoni.